Mzigo Mzito Hauinuliwi kwa Pupa

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2019, marehemu alimwomba mumewe amfungulie chupa ya asali, akamwambia asiifanyie pupa, kwa kuwa msuli ukijikunja haraka nguvu yake hupungua, mumewe akajibu, "Sawa, mwalimu," wakanywa chai, na jioni hiyo akafariki.

Alizaliwa tarehe 4 Juni 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu fiziolojia chuo kikuu, akaajiriwa kufundisha wanafunzi wa uuguzi, ambao aliwainulisha ndoo ya maji, kwanza kwa kasi, kisha taratibu, mpaka mikono yao ikawaeleza somo.

Aliolewa tarehe 12 Desemba 1992, akajaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni mhandisi.

Mwaka 2016 misuli yake ilianza kunyong'onyea, na ndugu wa mume, waliokula jasho lake kila sherehe, wakamwita mvivu, shemeji yake mkubwa akambandika jina la Bibi Konokono na kumwambia mbele ya watu, "Shemeji, ukipika wewe tutakula kesho," wakacheka, naye akacheka nao, maana alilelewa kwa adabu. Mwaka jana shemeji huyohuyo alimvuta mkono ngazini ili asiwacheleweshe, akaanguka, akavunjika nyonga, hakutembea tena.

Imependekezwa isomwe hapa kwamba aliugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka mitatu, na mwenye macho aliona.

Familia inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu aliyeutambua ugonjwa, si yule wa kwanza aliyemshauri apunguze mawazo, inamshukuru jirani wa ghorofa ya chini, aliyepanda ngazi nyuma yake bila kuguna hata siku moja, na walimu wenzake waliombebea ndoo darasani bila kuombwa. Wengine wanajijua.

Pumzika kwa amani, mama, pasipo na wa kukuharakisha.

Asubuhi iliyofuata kifo, mumewe alimpigia simu kaka yake mkubwa, akamwomba, kama mkubwa wa familia, awe msomaji wa historia hii, na kaka mtu, kabla hata haijaandikwa, akaahidi kuisoma yote, neno kwa neno, ndiye huyu mnayemsikia.