Kimya Alichokikata Faustini

Basi la Rangwi lilikuwa bado stendi ya Lushoto alipopanda kijana mwenye hedifoni shingoni. Kiti kilichobaki kilikuwa mbele yangu, pembeni ya mama aliyevaa sare ya kwaya.

"Shikamoo, mama Editha."

"Marahaba. Kaa, Faustini. Uniambie wimbo wetu umeufanya nini."

Faustini alikaa kama mtu aliyeitwa na balozi wa nyumba kumi.

"Kila ubeti ukiisha tunanyamaza," mama akasema, "tunasubiri sauti irudi kutoka ukuta wa kanisa, ndipo tunaanza mwingine. Wazazi wetu waliimba hivyo. Wewe kimya chote hicho umekikata."

"Mama, chumba changu cha kurekodia hakirudishi sauti. Nimeziba kuta zote kwa magodoro ili isikike safi. Mliponyamaza, nikajua mmesahau maneno."

"Watu ishirini, tusahau kwa pamoja, beti sita?"

Nilitazama nje nisije nikacheka.

"Mwangwi nitauweka kwa kompyuta. Ninao hata wa makanisa ya Ulaya."

"Nani kakuomba wa Ulaya? Tunao wetu."

"Sasa magodoro niyafanyeje?"

"Yalalie."

Basi likafika Rangwi. Mama Editha alishuka, akamwona mwenzake analima ng'ambo ya bonde, akamwita kwa sauti ya kwaya: "Skolaa." Jina likagonga mlima, tukalisikia likirudi. Hapo akageuka, akamtazama Faustini dirishani.

"Na hilo nalo kalikate."