Zipora Mwigulu Lugata, Aliyewalaza Waliojifungua

Wafiwa wenzangu, majirani, viongozi wa dini, na ninyi nyote mliosafiri kuja Kharumwa kumsindikiza dada yetu: poleni, na asanteni kwa kuja. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Nikikwama njiani, naomba mnivumilie.

Marehemu Zipora Mwigulu Lugata, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Eunice, alizaliwa tarehe 6 Juni 1973 hapa Kharumwa, wakati huo ikiwa bado Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwigulu Lugata, mkulima na mfugaji, na Mama Klara. Watoto tuliokua tulikuwa wawili tu: yeye, na mimi mdogo wake, Abel, niliyezaliwa Desemba 1986.

Mimi nilizaliwa msimu wa kupanda pamba. Marehemu alinisimulia kwamba kitovu changu hakijakauka, mama alikuwa tayari shambani na jembe, mimi nikiwa mgongoni. Hakulazimishwa na mtu. Kina mama wote walifanya hivyo, kwa kuwa mvua haikumsubiri aliyejifungua. Mama akaanza kukonda, miguu ikavimba, maziwa yakakata. Alifariki Aprili 1987. Dada hakupenda kusikia watu wakisema mama aliugua. Alikuwa akisema, "Mama alichoka, na hakuna aliyemwambia alale."

Alipata elimu ya msingi hapahapa Kharumwa. Msiba ulimkuta akiwa darasa la saba, akaacha shule ili anilee. Alinikamulia maziwa, akayachemsha, akaninywesha kwa kijiko. Mwaka uliofuata mwalimu wake, marehemu Mwalimu Herman, alikuja nyumbani akamwambia baba, "Mzee, huyu binti arudi darasani."

Baba akamjibu, "Na mtoto abaki na nani?"

"Aje naye."

Basi dada akamaliza darasa la saba mwaka 1988 akiwa ameketi karibu na dirisha, nami nimelala miguuni pake juu ya kanga. Wanaomkumbuka mwalimu yule wanasema akiuliza swali, nami nikapiga kelele, alikuwa akisema, "Abel amejibu. Kuna mwingine?" Darasa zima linacheka, dada anaona aibu. Nilipoanza kuzungumza nilimwita Mayu, kama sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Watu walijaribu kunirekebisha. Yeye hakunirekebisha hata mara moja, na sijawahi kumwita jina jingine.

Mwaka 1993 alihamia Kahama, mtaa wa Nyasubi, akanichukua pamoja naye. Alipata kazi za nyumbani kwa Bi Hansa, mjane wa Kihindi ambaye familia yake iliuza vitambaa. Haikupita muda mrefu mkwe wa Bi Hansa akajifungua. Marehemu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Yule mzazi hakuguswa na kazi yoyote. Kila asubuhi Bi Hansa alipasha mafuta ya ufuta, akamkanda kuanzia utosini hadi nyayoni, akamwogesha maji ya moto, akamfunga tumbo kwa kitambaa, akamlisha uji wa samli, tangawizi na uwatu. Kisha akamfunika na kumwambia alale. Ikawa hivyo mpaka arobaini ya mtoto ilipofika.

Siku moja Bi Hansa alimkuta dada jikoni akilia mbele ya sufuria ya mafuta.

"Binti, umeungua?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa unalia nini?"

"Kumbe alitakiwa kulala," dada akasema. "Mama yangu. Kumbe alitakiwa kulala tu."

Bi Hansa alizima moto, akaketi naye palepale chini, akaomba asimuliwe. Kuanzia siku hiyo akaanza kumfundisha. Alimwambia elimu ile ni ya kale, huko kwao inaitwa Ayurveda, maana yake elimu ya uhai. Alimweleza kwamba mwanamke akishazaa, pale mtoto alipotoka panabaki wazi na upepo unaingia. Lazima pajazwe joto, mafuta na utulivu, la sivyo upepo huo utamtembea mwilini miaka mingi. Alimfundisha pia neno shakti, nguvu ya uumbaji iliyo ndani ya mwanamke. "Usifikiri ni nguvu ya kuzaa tu," alimwambia. "Anayepika ameumba. Anayesuka, anayeimba, ameumba. Mwanamke aliyechoka, nguvu hiyo inalala. Kazi yako ni kuiamsha polepole."

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bwana Boaz Lukanya, mchimbaji kutoka Chato, tarehe 17 Julai 1999, wakafanya makazi yao hapa Kharumwa. Bi Hansa alikuja kwenye harusi na zawadi ya kinu cha shaba cha kusagia viungo, akamkabidhi mwenyewe mbele ya watu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Eunice na Gregory. Eunice alipozaliwa mwaka 2001, Bi Hansa alikuwa ameshafariki, na hapa kwetu hakuna mwanamke aliyejua namna ya kumkanda mzazi. Shemeji Boaz akaifanya kazi hiyo, kwa mikono iliyozoea nyundo na miamba. Marehemu akiwa amelala alimwelekeza: "Polepole. Mimi si jiwe." Wachimbaji wenzake walimcheka sana shemeji kwa kunukia ufuta ndani ya duara, shimo lao la kuchimbia dhahabu. Aliwaambia wamalize kucheka mapema, maana kesho atanukia tena.

Kazi ambayo wengi mnamfahamu kwayo ilianza mwaka 2003, na aliyeianzisha yuko hapa, Mama Loveness. Alikuwa akiponda mawe ya dhahabu. Alijifungua, na wiki haijaisha akawa amerudi kwenye mawe, mtoto amelazwa kivulini kwenye vumbi. Dada alipita akamwona. Akaweka ndoo yake chini, akamnyang'anya nyundo.

"Inuka twende kwangu."

Mume wa Mama Loveness akauliza, "Na kwangu nani atapika?"

"Nitapika mimi. Kwako na kwangu."

Akapika kweli, nyumba zote mbili, mpaka Mama Loveness alipopata nguvu. Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Shemeji akajenga chumba upande wa mashariki wa nyumba, akakiwekea kitanda kirefu cha mbao. Wakaja wake za wachimbaji kutoka mikoa mingine, mabinti wasio na ndugu hapa, Waislamu na Wakristo, na wengine ambao mimba zao zilikuwa zimeharibika na hakuna mtu aliyewapa pole. Wapo pia waliokuwa hawajawahi kuzaa. Hao aliwakanda vilevile, akiwaambia, "Na wewe nguvu ile unayo." Kila aliyelala kwake alipewa kitu cha kuumba akishachoka kulala. Aliyejua ukili alisuka mkeka. Asiyejua kusuka alitakiwa kumtungia mtoto wake wimbo, na siku ya arobaini wanawake walikusanyika kuusikia. Ndiyo maana watoto wengi wa hapa wana nyimbo zao.

Alikuwa mkali katika jambo moja. Hakumpokea mzazi yeyote mwenye homa au anayetokwa damu kupita kiasi. "Zahanati kwanza, mimi baadaye," alisema, na mara nyingi alimpeleka mwenyewe. Wapo walionong'ona kwamba ameingiza dini ya Kihindi. Katekista Kalisti alifika nyumbani kumuuliza. Dada akamkaribisha kiti, akamwekea bakuli la uji wa samli na tangawizi.

"Katekista, ufuta huu umeoteshwa na nani?"

"Na Mungu."

"Na tangawizi?"

"Na Mungu pia."

"Basi kunywa, unapoa."

Katekista yupo hapa, na ameniruhusu niseme kwamba hakushawishika siku ile, ila uji aliumaliza.

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Marehemu aliniagiza nisiufiche. Katikati ya mwaka 2023 alianza kutokwa damu wakati ambao hakutakiwa. Hakumwambia mtu. Alikuwa amelaza wazazi wawili chumbani, akasema watakapoondoka ataenda kupima. Walipoondoka wakaja wengine. Mei 2024, alipoanguka jikoni, tulimpeleka Mwanza, madaktari wakatuambia ni saratani ya shingo ya kizazi, nayo imesambaa. Alipata matibabu ya mionzi kwa miezi kadhaa. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, tunawashukuru. Maneno aliyoniagiza ni haya: "Waambie kina mama ukweli. Niliwapeleka wenzangu kupima, mwenyewe nikasema kesho. Wasiseme kesho."

Wakati huo Eunice alikuwa mjamzito. Marehemu alimwomba Mungu jambo moja tu, amlaze mwanaye kwa mikono yake kama alivyowalaza wa wenzake. Eunice alijifungua salama mtoto wa kike tarehe 19 Februari 2025. Alipoletwa nyumbani, dada hakuwa na uwezo wa kusimama. Alituambia tumbebe. Shemeji Boaz na Gregory wakambeba na kumketisha kitandani miguuni pa Eunice, akaomba mafuta.

Eunice akasema, "Mama, pumzika. Wewe ndiye mgonjwa."

"Leo mimi ni mama yako. Ugonjwa nitaendelea nao kesho."

Alifika vifundoni. Mikono ikagoma. Alijaribu tena, ikagoma, akaiweka mapajani akaitazama. Mama Loveness akasogea, akachukua bakuli, akaendelea pale alipoishia. Dada akawa anamwelekeza kwa sauti, huku machozi yanamtoka. Sijawahi kuona mtu akilia na kufundisha kwa wakati mmoja.

Siku zilizofuata wanawake waliowahi kulala kwenye kile chumba walikuja kwa zamu, wakamkanda yeye. Wengine walikuja na watoto wao, sasa watu wazima, wakamwimbia nyimbo walizotungiwa. Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025 nilikuwa nimeketi naye. Akaniuliza, "Abel, unajua mama yetu alikuwa na umri gani?"

"Sijui, Mayu."

"Thelathini na mbili. Alikuwa mtoto kabisa."

 Kisha akaniomba nimfunike miguu. Nilimfunika. Nilipoinua uso alikuwa ameshaondoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Watu wananipa pole ya kufiwa na dada. Naipokea. Lakini mwaka 1987 nilikuwa mchanga mno kujua kilichonipata. Mama yangu amefariki Jumanne hii.

Marehemu ameacha mume, Bwana Boaz Lukanya. Watoto wawili, Eunice na Gregory. Mjukuu mmoja, ambaye bado hajapewa jina. Mdogo wake mmoja, mimi. Na wanawake ambao hatukuwahi kuwahesabu.

Eunice hayupo hapa kaburini. Yumo ndani, amelala na mtoto. Mama yake aliagiza asisimame juani, asipike, asipokee wageni, na mtu yeyote asimnung'unikie kwa kutomzika mzazi wake. Anayetaka kumpa pole amfuate kitandani, aongee taratibu, mtoto amesinzia.

Mungu aliyetupa Zipora ampokee mikononi mwake, amtulize maumivu yote, na ampe pumziko lisilokatizwa na mtu. Wabeja, asante, Mayu.