Mzee Visahani na Geti la Zahanati

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, jikoni, karakana au kwenye benchi la kusubiri daktari, karibuni. Ongezeni sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka mpima ardhi mstaafu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani: Mzee Visahani. Alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, alfajiri, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Mapafu yalimsumbua muda mrefu. Alizikwa Alhamisi.

Nilipompigia simu mjane wake kuomba ruhusa ya kipindi hiki, alikubali. Kisha akasema: "Msemeni vizuri, sawa. Lakini na kosa lake mliseme. Mkiliruka hilo, mtakuwa mnamsema mtu mwingine." Nikamwahidi. Kwa hiyo kosa tutalifikia, na nawaambia mapema kwamba kosa hilo halikuwa lake peke yake.

Kwa wasiomjua: Mzee Visahani alikuwa akichunguza taarifa za watu waliosema wameona vyombo vya ajabu angani. Visahani vinavyoruka, kama tunavyoviita. Taa zinazoshuka, vitu vinavyotua shambani na kuondoka. Kwa miaka arobaini na mitatu alichunguza taarifa mia tatu na kumi na nane. Narudia: mia tatu na kumi na nane. Ukiondoa ya kwanza, hakutumwa na mtu. Alizichunguza Jumamosi, kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki iliyokuwa na kelele kuliko chombo chochote cha angani.

Yalianza kwa mzaha. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mwajiriwa wa ofisi ya ramani. Siku moja ikaja barua yenye sahihi za watu arobaini. Walisema kuna kitu kimetua kwenye uwanja wao wa mpira na kuacha duara la majani yaliyokufa. Mkuu wa ofisi akaisoma kwa sauti, ofisi nzima ikacheka, kisha akamrushia mezani. "Wewe una futi kamba," akamwambia. "Nenda kawapimie wageni wao."

Wenzake walidhani atakwenda kunywa soda na kurudi. Yeye akaenda kweli. Akakuta duara lipo, limezungushiwa kamba, na katibu wa timu amesimama kulilinda. Akapima upana wake mara tatu. Karibu mita mbili, duara safi kabisa. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: kabla ya duara hili kuonekana, nani alikuwa anafanya kazi hapa? Wakamwambia ni mkandarasi aliyepaka rangi jukwaa. Akawachukua wazee watatu wa timu mpaka kwenye yadi ya mkandarasi, akalala kifudifudi mbele ya tangi la maji lililokuwa limekaa uwanjani wakati wa kazi ile, akalipima kitako. Vipimo vikalingana mpaka kidole.

Hakuna aliyemshukuru, wasikilizaji. Katibu wa timu alinuna. Walikuwa wameshaanza kuwaringia timu jirani kwamba uwanja wao unajulikana mpaka huko juu.

Mdogo wake, ambaye ni fundi wa redio na televisheni, anasema tangu siku ile kaka yake alinogewa. "Kaka alipenda mambo yenye mwisho," aliniambia. "Kazini alikuwa anapima viwanja vya watu wanaogombana miaka ishirini. Kwenye visahani, ukipata tangi, umepata tangi. Unarudi nyumbani unalala."

Sasa nisikilizeni jinsi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo penye jambo lenyewe.

Mzee Visahani hakumuuliza shahidi aliona nini. Kamwe. Alimuuliza kilikuwa wapi. "Usiniambie ni kitu gani," alikuwa akisema. "Wewe hujui, na mimi sijui. Nionyeshe ulipoweka mguu." Alimrudisha shahidi mahali pale pale. Alimwambia anyooshe mkono, afunge jicho moja, aseme kile kitu kingefunikwa na kucha au na kidole gumba kizima. Kisha shahidi alisogea, na yeye akasimama kwenye nyayo zake hasa. Akatoa dira, akasoma upande, akaandika. Ofisini alichora mstari kwenye ramani na kuangalia mstari umepita wapi. Mguu wa shahidi ndio mguu wangu: hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na hakuivunja.

Mara nyingi mstari uliishia kwenye sayari ya Zuhura, au ndege, au puto la hali ya hewa. Kuna bwana mmoja aliyeapa kwamba kisahani kilimfukuza kutoka baa mpaka mlangoni kwake, akisimama nacho kinasimama. Jalada la bwana huyo limeandikwa maneno manne tu: "Mwezi. Shahidi anaendelea vizuri."

Pale aliposhindwa hakubuni. Aliandika "Sijui" na kuweka tarehe. Majalada ya namna hiyo yalikuwa kumi na saba. Watu walikuja kumbembeleza aseme ni wageni kutoka sayari nyingine. Wengine walimbembeleza aseme ni upuuzi mtupu. Aliwakatalia wote, na mke wake akawa anawapikia chai wote.

Sasa tufike kwenye zahanati.

Miaka kumi na sita iliyopita kulikuwa na muuguzi, mwanamke wa makamo, msimamizi wa kliniki ya chanjo. Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza vizuri, alifika kufungua zahanati. Mkono wake ukiwa kwenye geti, aliona mwanga wa rangi ya machungwa ukishuka taratibu nyuma ya tanuri la matofali. Haukuwa na sauti. Ulikaa chini kama dakika nne, ukapanda, ukapotea. Akatazama saa, kama muuguzi, akaandika. Mchana akampigia Mzee Visahani.

Jumamosi Mzee alifika. Wakafanya kama kawaida. Muuguzi alimwonyesha aliposimama: pale pale getini, bega likigusa nguzo. Mzee akasimama pale pale, bega likigusa nguzo. Akasoma dira. Ofisini akachora mstari kwenye ramani, ambayo haikuwa na lile tanuri, na mstari ukapita katikati kabisa ya mnara wa simu wenye taa nyekundu kileleni. Kutoka zahanati majengo huuficha mnara, ila kilele hutokeza juu yake, na mchana si rahisi kukitambua. Akaandika: taa ya mnara, ukungu ukipita mbele yake huonekana kama inashuka na kupanda. Jalada likafungwa.

Wiki ile alialikwa kwenye redio hii, kwenye kipindi cha asubuhi, kueleza kazi yake. Akatoa mfano wa zahanati. Hakumtaja mtu, lakini zahanati ni moja na muuguzi wa zamu ya alfajiri ni mmoja. Mtangazaji akacheka hewani. Akasema: "Basi huyo muuguzi ajidunge mwenyewe sindano ya usingizi."

Mji mzima ukaichukua. Kina mama walipanga foleni na watoto wao wakamwambia, dada, na mimi nidunge ile ya visahani. Alikuwa amependekezwa kuwa msimamizi mkuu wa wauguzi wa wilaya. Jina lake likaondolewa. Wakubwa wakasema anahitaji kupumzika, wakamhamishia stoo. Wasikilizaji, mwanamke huyu aliyechanja nusu ya watoto wa mji alikaa stoo miaka saba, akipanga maboksi ya pamba.

Mtangazaji aliyesema maneno yale ni mimi.

Ikapita miaka saba. Jioni moja Mzee Visahani alikuwa nyumbani akimfundisha binti yake mkubwa kutumia dira. Binti amefuata kazi ya baba, ni mpima ardhi sasa, na wakati huo alikuwa mwanafunzi. Walikuwa wamesimama kwenye geti lao. Binti akasema, "Baba, sindano ya dira inahama." Baba akamjibu kwa haraka, kama alivyowajibu vijana wote aliowafundisha kazini: huwezi kusoma dira karibu na chuma, sogea hatua kumi.

Hapo hapo akageuka kuitazama nguzo ya geti. Binti anasema aliiona rangi ya uso wa baba yake ikibadilika. Alimuuliza anaumwa nini, akajibu haumwi. Chakula cha jioni hakukigusa.

Mnaona lilipo kosa? Kila mpima ardhi anajua chuma huvuta dira. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Lakini Mzee alikuwa na kanuni yake, mguu wa shahidi ndio mguu wangu, na aliiamini mno kiasi kwamba aliifuata mpaka kwenye nguzo ya geti la chuma. Uangalifu wake mwenyewe ndio uliompoteza.

Asubuhi yake alikuwa zahanati. Akasoma dira kwa mbali na geti, akapima kwa kamba mpaka kwenye nguzo, akafanya hesabu upya. Tofauti ilikuwa digrii kumi na tisa. Narudia: digrii kumi na tisa. Mstari mpya haukukaribia mnara. Ulipita juu ya tanuri la matofali, pale pale muuguzi alipoonyesha, ukaishia kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Hakuna taa kule. Hakuna umeme hata leo.

Siku hiyo hiyo akaenda nyumbani kwa muuguzi. Alimkuta anapiga pasi sare za kazi. Alimweleza akiwa amesimama, hakukubali kiti. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaichomoa pasi. "Mimi sikukwambia ni chombo cha angani," alimwambia. "Nilikwambia nimeona, na nikakuonyesha wapi. Hicho tu."

Kutoka hapo akaja hapa redioni kuomba dakika chache asahihishe. Mkurugenzi wa wakati huo akamwambia hakuna anayekumbuka mambo ya miaka saba. Mzee akasema muuguzi anakumbuka. Akaanza kuja kila Jumatatu, anakaa mapokezi, anasoma gazeti lake, saa sita anaondoka. Jumatatu kumi na moja. Mimi nilikuwa nampita pale nikiwa na kikombe changu cha chai, namwambia, shikamoo mzee, bado upo? Ananijibu, marahaba, bado nipo. Naingia studio.

Mwishowe alipewa dakika nne. Alisema hivi, na kanda ninayo: "Nilikosea. Yule dada alionyesha mahali sahihi, na mimi nikapima vibaya. Alichokiona sikijui. Lakini alikiona pale aliposema." Jalada likawa la kumi na nane kwenye yale ya "Sijui". Baada ya mwezi mmoja muuguzi alirudishwa kliniki. Alifanya kazi miezi saba tu, akafikia umri wa kustaafu. Kile cheo cha wilaya kilikuwa kimeshakwenda.

Na mimi? Alipomaliza dakika zake nilisema asante mzee, nikasoma matangazo. Sikusema neno langu hata moja. Nilijiambia yeye keshasahihisha, yatosha.

Alhamisi iliyopita, mazikoni, nilimwona muuguzi. Ni bibi sasa, ana wajukuu. Nikamsogelea, nikampa pole, nikasema marehemu alikuwa muungwana kweli. Akaniangalia bila hasira. "Ndiyo," alisema. "Alikuja mpaka mlangoni kwangu kwa miguu yake. Wewe una redio nzima, baba."

Niliona aibu na ninaiona mpaka sasa.

Kwa mjane wa Mzee Visahani, kwa binti zake wawili, kwa mdogo wake na ndugu wote, kituo hiki kinatoa pole nyingi. Mungu awape subira. Binti mkubwa ameniambia majalada yote mia tatu na kumi na nane atayatunza yeye, na geti la nyumbani hataki ling'olewe.

Na ninyi mnaosikiliza, jiulizeni asubuhi hii: ni nani aliwaambia kitu alichokiona kwa macho yake, na ninyi mkamcheka? Mfikirieni mtu huyo mmoja. Yuko wapi leo?

Wa kwangu mimi, najua alipo. Jana nilimpigia, akaniambia saa hizi atakuwa jikoni na wajukuu, na redio iko juu ya friji. Dada yangu, maneno ya sindano niliyasema mimi, kwenye kipaza sauti hiki hiki. Hayakuwa ya kweli na hayakuwa ya kuchekesha. Kichwa chako kilikuwa kizima siku ile, na kazi yako uliipoteza kwa kicheko changu. Naomba radhi.