Leseni Yangu Ife Nami

Sogeeni karibu, wanangu, wewe Emery na wewe Orpa, na mlango urudishwe, kwa maana maneno ya mtu anayeondoka huwa na wasikilizaji wasioalikwa.

Kipande tulichopewa kulima hapa Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi, akilime Emery, wala asikiuze, kwa kuwa cha kupewa hakiuzwi. Geji ya kupimia gesi, pampu ya kunyonya hewa na mtungi wa gesi ni vya Orpa, aliyepanda nami ngazi zote za mahoteli ya mjini Mbarara tangu mama yenu alipotutoka. Lakini kile cheti ukutani, leseni ya kufunga mitambo ya kupoza na kupasha joto hewa, hakina mrithi. Nilijifunza kusoma kichwa kikiwa na mvi ili niufanye mtihani wake, na masharti yake nimeyasoma mwenyewe pasipo mkalimani: ni ya aliyetajwa, haiazimwi, hairithiwi, na siku anapokufa nayo imekufa.

Kabanda anayajua hayo. Ndiye tajiri wetu wa Mbarara, anayepata kazi za mahoteli kwa jina langu, maana yeye leseni hana. Tangu nilale hapa anakuja na pikipiki yake, na maziwa na ndizi, ila hanitazami usoni, anatazama ukuta. Hajauliza nimelalaje, ameuliza kama mchungaji ameshakuja kuniombea. Juzi alidhani nimesinzia, akakuambia, Emery, hapo dirishani: “Mzee akienda, nyinyi nyamaza kidogo tu. Zika polepole. Jina yake bado iko na kazi.” Nawe ukacheka, ukamjibu: “Papa hata akikufa ataendelea kulisha batu!” Nilikisikia kicheko hicho, mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka jana vijana wake walifunga mtambo hotelini nisipokuwapo, waya ukaungua, chumba kikajaa moshi, na aliyeitwa kujieleza nilikuwa mimi. Nikiwa kaburini ataitwa nani, kama si ninyi? Na maadamu jina langu linamfaa, ni lini atamwachia Orpa nafasi ya kulitafuta lake? Uliniuliza jana, binti yangu: “Papa, ni nani atamupa mwanamuke fasi ya kufunga kiyoyozi?” Mwenye leseni hapewi fasi, Orpa, hufuatwa akaombwa.

Kwa hiyo nikikata roho, msinizike kimyakimya kama mwizi. Lieni mpaka majirani wa upande wa Kabazana wasikie. Mchungaji atangaze kanisani, na ujumbe ufike Mbarara kabla jeneza halijafungwa. Kisha Orpa akishushe cheti kwa mkono wake, akirudishe kwenye ofisi iliyokitoa, aseme mwenye jina hili amekufa, na papo hapo aombe kujiandikisha kwa mtihani. Emery, utamsindikiza dada yako, ila cheti usikibebe wewe. Usikasirike. Nakupenda, lakini nimekuona.

Nipeni maji... Yatosha.

Mungu aliyetuvusha kutoka Kivu tukiwa hai awape mikono isiyotetemeka na majina yasiyokodishwa. Asiwepo atakayekula kwa kaburi langu. Mpendane... hata mnapochungana.

Orpa, amina yako nimeisikia. Emery... yako bado. Pikipiki gani hiyo imezimwa nje? Asiingie... mwache asimame hapohapo mlangoni. Sema, mwanangu. Sema kwa sauti... naye asikie.