Historia ya Modest Tluway, Bwana Kesho wa Gitting

Padre, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani wa Gitting, nanyi mliotoka Masakta, Katesh na Mbulu, familia imemteua Hilda Tluway, dada mkubwa wa marehemu, awasomee historia hii, na humu ndani Hilda atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu kuna mahali ambapo akisema "mimi" sauti haitatoka. Karatasi iliyoandaliwa na ukoo ilieleza kifo kwa mistari miwili tu, hiyo ameiacha mezani bila kuwauliza wazee, anaomba radhi, lakini kuna mtu analaumiwa bure.

Modest alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa hapa Gitting, mtoto wa tano na wa mwisho wa mzee Tluway na mama Benedikta. Mama alifariki mwaka 1978, Modest akiwa na miaka tisa, na Hilda, aliyekuwa na miaka kumi na saba, ndiye aliyemlea, akamfulia, akamkamulia maziwa kila asubuhi, maana katika boma hili hakuna aliyewahi kuanza safari, iwe ya shuleni au ya mnadani, bila kunywa maziwa, na kuyakataa ni kumwambia aliyekupa kwamba una neno naye moyoni.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, sekondari kuanzia 1984 hadi 1987, kisha chuo cha mifugo alikohitimu mwaka 1990, na tarehe 1 Julai 1991 akaajiriwa kuwa bwana mifugo msaidizi, akaanzia Masakta, akahamishiwa wilaya ya Mbulu mwaka 2004, akarudi Gitting mwaka 2013 na kustaafu kwa hiari Aprili 2024.

Wafugaji wanamkumbuka kwa ukali wake juu ya sindano ya kulaza ng'ombe, kwani kabla ya kumpasua mnyama alitaka awe hajala tangu jana yake, wala hajanywa asubuhi hiyo. Mzee Nicodemo wa Masakta, ambaye tunamwona pale mbele, ni shahidi kwamba mwaka 1998 dume lake lilikuwa na uvimbe wa kupasuliwa, Modest akatembea nusu siku kulifuata, akakuta limeshachungwa, akafunga mkoba wake na kusema kesho. Mzee aliapa kwamba limekula majani mawili matatu tu, akajibiwa kwamba hayo mawili ndiyo yatakayorudi kooni mnyama akiwa hajitambui, yaingie mapafuni, na hapo utakuwa umeniita kuchinja, si kutibu. Ndiyo maana mlimwita Bwana Kesho, mkamcheka, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Verediana, wakajaliwa watoto watatu, Alex, Monica na Sara, na wajukuu wawili.

Mwezi Juni 2024 alianza kuumwa tumbo, vidonge vya zahanati havikusaidia, chakula kikawa kinakwama, akapewa rufaa ya kuingiziwa kamera tumboni kupitia kooni. Miadi ya Oktoba daktari bingwa hakufika, ya Desemba barabara ilikatika kwa mvua, ikabaki ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, na kufikia hapo mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya manne.

Asubuhi hiyo Hilda alikamua, akachemsha, akamjazia kikombe kikubwa cha bati. Modest alimwambia kwamba hospitali wamemkataza chakula na maziwa, Hilda akamjibu kwamba masharti ya ng'ombe awaachie ng'ombe, safari ni ndefu, na kama ana neno naye aliseme. Modest alicheka, akanywa yote. Alikuwa na miaka hamsini na mitano na hajawahi kumkatalia dada yake kitu.

Hospitalini muuguzi Eva Felician alimpima uzito na presha, akauliza kuhusu pombe na vidonge vya usingizi, akamvika kidoleni kile kifaa cha kupimia hewa mwilini, akasogeza mtungi wa oksijeni, akaeleza kwamba sindano ya usingizi hulegeza hata koo, ndipo akauliza, mara mbili na kwa Kiswahili chepesi, kama mgonjwa amekula au kunywa chochote tangu usiku. Modest alimtazama dada yake. Hilda alijua kwamba wakisema kweli watarudishwa wakangoje miezi mingine, akajibu yeye, kwamba hajaweka kitu kinywani. Modest aliinamisha kichwa, kwa kuwa hakuweza kumwaibisha dada yake mbele ya watu.

Sindano ilitolewa pole pole na kwa kipimo chake, na kamera ilipopita kooni maziwa yakapanda, mengine yakaingia mapafuni. Walimgeuza ubavu, wakamfyonza kwa mashine, wakampa oksijeni, hawakumwacha siku mbili, na Alhamisi tarehe 13 Februari saa nane mchana akafariki.

Tangu hapo inasemwa msibani kwamba muuguzi amemuua kwa sindano, na Hilda amesikia akanyamaza. Eva amesimamishwa kazi kungoja uchunguzi, vijana wetu wameapa kwamba asikanyage Gitting, na mzee Nicodemo, mwenye miadi ya kipimo hicho hicho cha kamera mwezi ujao, amechana kadi yake. Hilda atakwenda kuandika maelezo yake hospitalini, lakini hajidanganyi kwamba yatarudisha kitu, Verediana ni mjane leo na atakuwa mjane kesho, na watoto wana haki ya kutomsalimia shangazi yao.

Familia inawashukuru madaktari, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake wa mifugo mliochimba kaburi, na juu ya wote Eva Felician, ambaye hayupo hapa kwa sababu anatuogopa. Mzee Nicodemo, shikamoo, nenda kwenye kipimo chako, na uende na njaa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, lile swali la muuguzi nimelijibu leo.