Safu ya Kabila

Mwalimu Elius alipanda basi dogo la Kosta pale Njombe akiwa amebeba projekta. Kabla hawajatoka stendi, mama aliyekaa kando yake akamuuliza amebeba nini. Alimweleza kwamba anakwenda Makambako kuwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu filamu ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler.

"Kumbe ile fomu ya ruhusa ya wazazi ni yako!" Mama akaitoa kwenye pochi, haijasainiwa. "Mwanangu Dainess yuko kidato hicho. Jina lake sawa, lakini dini na kabila ni vya nini?"

"Ni takwimu tu, mama. Wafadhili wa filamu ndio wanaozitaka."

"Wafadhili wa wapi? Na orodha anakaa nayo nani?"

Elius hakujua. Akahisi mama huyu anatafuta sababu tu ya kumzuia mtoto, akamwambia filamu inawafundisha vijana wasichukie watu kwa asili yao.

"Hao Wayahudi walijulikanaje mpaka wakakamatwa?"

"Waliandikishwa."

"Aliyewaandikisha aliwaambia ni kwa ajili ya nini?"

Elius akamkumbuka karani wa kwenye filamu, mpole, akiwaambia watu kwenye foleni kwamba ni takwimu tu. "Mimi si mtu wa namna hiyo, mama."

"Sijasema hivyo. Ila simjui atakayeisoma baada yako."

Kosta ikaingia Makambako. Mama akashuka na fomu yake bila kuaga. Kwenye begi la Elius zilibaki fomu thelathini na nane ambazo wazazi wengine walikwisha kumrudishia, zimejazwa kila mstari, na hakuna aliyekuwa ameuliza.