Siku Tisa Bila Kutua

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni waalikwa, Mama yetu ambaye leo unarudishiwa mumeo, na wafanyakazi wenzangu wa kituo hiki cha utafiti wa ndege, nawasalimu.

Nimeambiwa nimsifu Babu Pete, anayestaafu leo baada ya kuwavisha ndege pete miguuni kwa miaka thelathini. Nitamsifu, ila acheni nianze na kosa langu. Mimi nilimshuku.

Mnaikumbuka ile rekodi ya Babu iliyojaza waandishi wa habari hapa uani? Ndege asiyefika nusu kilo, kifaa cha kufuatilia safari mgongoni, kavuka bahari siku tisa bila kutua, bila kula, bila tone la maji. Wenzangu mlipiga makofi. Mimi, mtunza daftari, nikajiuliza: kwani kifaa kina macho? Kinajuaje kama kimebebwa na ndege au na meli? Na shemeji yake Babu si baharia? Nikaandika barua makao makuu, bila jina. Uchunguzi ukaja, na cheo alichokuwa apewe kikaenda kwa mwingine.

Bado roho haikutulia. Mwaka uliofuata nikamfunga ndege mwingine kifaa, kwa siri. Kila asubuhi nafungua kompyuta, namngoja atue. Siku ya tano, yuko hewani. Ya nane, hewani. Alitua siku ya kumi na moja, kwa mwendo ambao hakuna meli inayouweza. Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini na rekodi hiyo iliyoivunja rekodi? Niliifungia kabatini miaka sita, kwa aibu.

Juzi nilimpelekea karatasi zile ofisini kwake, akifungasha vitabu. Nikamwambia, "Babu, ile barua niliiandika mimi."

"Najua, mwanangu. Walinionyesha. Mwandiko wako nani haujui hapa?"

"Mbona hukunifukuza?"

"Nikufukuze wewe, nibaki na wapiga makofi? Nani angenipimia ndege sawasawa?"

Kisha akavaa miwani, akazisoma karatasi mara mbili, akanitazama kwa jicho la pembeni. "Hiki kifaa, ulikijaribu kabla ya kumfunga?"

Nilicheka, halafu nikalia.

Mheshimiwa, umeniteua nikalie kiti chake. Nimekubali, kwa sharti moja, nalo nawapa wenzangu mbele ya mashahidi wote hawa: kuanzia kesho, nishukuni. Na mkinishuku, msiandike barua. Gongeni mlango.

Babu, nisamehe, na asante. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.